Mam Tor wakati wa baridi: mwongozo kamili wa kutembea kutoka Edale hadi Hope kabla jua halijakukimbia

Nilizaliwa Lushoto, ambako mji wenyewe uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana niliposikia watu wa Manchester wakiitaja Mam Tor kwa heshima, kilima cha mita 517, nilicheka. Ukitoka Mombo na gari, mita 517 unazipita kabla hujamaliza kona za mwanzo. Basi Desemba yangu ya kwanza nikaenda na suruali ya jinzi, raba za mtaani, simu yenye chaji nusu, na nikatoka nyumbani baada ya chakula cha mchana. Saa kumi na moja kasoro robo nilikuwa nateremka gizani, nimeshika ukuta wa mawe kama kipofu, suruali imelowa hadi magotini, na simu imezimika.

Sikushindwa na urefu. Nilishindwa na saa. Sisi tumekulia mahali ambapo jua huzama saa kumi na mbili, mwaka mzima, dakika chache huku au kule, na hatujui kwamba tumelizoea hilo mpaka tutoke. Nimeirudia njia hii mara nyingi tangu siku ile, nikiwa na ndugu, majirani na wageni kutoka nyumbani, na ninayoyaandika hapa ndiyo ningependa mtu angeniambia mapema. Saa zote nilizotaja ni za Kiswahili. Ratiba ya treni ikiandika 09:40, kwangu ni saa tatu na dakika 40.

Njia kwa ufupi

Mam Tor iko Derbyshire, kati ya Manchester na Sheffield, ndani ya Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, iliyotangazwa mwaka 1951. Kilima hiki ni mwisho wa magharibi wa mgongo mrefu unaoitwa Great Ridge, unaotenganisha mabonde mawili: Edale upande wa kaskazini, na Castleton na Hope upande wa kusini. Mabonde yote mawili unayaona kwa pamoja, moja kila mkono, kwa karibu kilomita tatu. Ndio utamu wake.

Mimi hupenda kwenda kwa treni, kwa sababu unashuka kituo kimoja na kupandia kingine bila kurudi ulikotoka. Unashuka Edale, unapanda hadi Hollins Cross, unakwenda kulia hadi Mam Tor, unarudi Hollins Cross, unaendelea na mgongo kupitia Back Tor hadi Lose Hill, kisha unateremka hadi kituo cha Hope. Jumla ni kilomita 12 hivi, na kupanda kwa jumla kama mita 400.

Hatua ya kwanza: anza na machweo, rudi nyuma

Tarehe 21 Desemba, eneo hili jua huchomoza kama saa mbili na dakika 20 asubuhi na kuzama saa tisa na dakika 50. Unapewa mchana wenye urefu wa saa saba na nusu, basi. Baada ya hapo kuna mwanga hafifu wa dakika 40 hivi, halafu giza la shamba, lisilo na taa hata moja. Na hata saa sita mchana jua haliji utosini. Linatembea chini upande wa kusini, kama mtu anayepita nyuma ya uzio, na vivuli ni virefu mchana kutwa.

Kwa wanaoswali, jambo hili linaonekana wazi zaidi. Siku hizo adhuhuri huingia saa sita na kidogo, alasiri saa saba na nusu hivi, na magharibi kabla ya saa kumi. Swala tatu ndani ya saa nne. Chukua mkeka mwepesi wa plastiki, kwa sababu ardhi yote itakuwa imelowa, na panga adhuhuri iwe Mam Tor na alasiri Lose Hill.

Sasa hesabu. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia hii inatoa kama saa tatu. Lakini Naismith alikuwa mzoefu wa milima, wala hakuwa na shangazi anayesimama kila hatua kumi kupiga picha. Kwa matope ya Januari ongeza theluthi moja, halafu ongeza saa nzima ya kupumzika, kula na kuswali. Utapata saa tano. Ukitaka kuwa kituoni Hope saa tisa na robo, lazima uwe umeshaanza kutembea Edale saa nne asubuhi. Ratiba yangu ya Desemba ni hii:

Edale, saa nne. Hollins Cross, saa tano. Mam Tor, saa sita kasoro robo. Kuondoka saa sita na robo. Hollins Cross tena, saa saba kasoro robo. Lose Hill, saa nane kasoro robo. Kuondoka saa nane na robo. Kituo cha Hope, saa tisa na robo.

Iandike kwenye karatasi uiweke mfukoni. Mwishoni mwa Februari siku inakuwa imerefuka kwa zaidi ya saa tatu, na unaweza kulegeza kamba.

Hatua ya pili: chagua siku, usichaguliwe nayo

Usipange tarehe wiki tatu kabla ukaishikilia kama harusi. Panga wikiendi mbili au tatu zinazowezekana, kisha angalia hali ya hewa siku mbili kabla. Shirika la hali ya hewa la Uingereza, Met Office, hutoa utabiri wa pekee wa milimani, na Peak District imo. Usome huo, siyo wa mjini. Ukipanda, joto hupungua kama nyuzi moja kwa kila mita 150, lakini adui hasa ni upepo. Kipimajoto kikiwa sifuri na upepo ukienda kilomita 40 kwa saa, ngozi yako inahisi kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Utabiri wao mara nyingi hutaja upepo kwa maili. Ukiona upepo wa ghafla wa maili 40 kwa saa kwenda juu, ahirisha. Mgongo ule hauna mti wala ukuta wa kujibanza.

Siku ya kuombea ni hii: usiku usio na mawingu, upepo haupo, na bondeni kumetabiriwa ukungu. Wengi wakisikia ukungu hurudi kulala. Usirudi. Usiku mrefu wa baridi ardhi hupoteza joto lake, hewa iliyogusana nayo inapoa, inakuwa nzito, inatiririka taratibu na kujaa bondeni kama maji kwenye bakuli. Unyevu uliomo unageuka ukungu. Juu yake kunabaki hewa yenye joto zaidi, kinyume cha kawaida, na hewa ile inaufunika ukungu kama kifuniko cha sufuria. Ukiwa kituoni Edale huoni hata ng'ambo ya barabara. Unapanda nusu saa ndani ya weupe, huoni kitu ila mgongo wa mwenzako, halafu weupe unaanza kuwa na rangi ya dhahabu, na ghafla kichwa chako kinatoka juu. Bonde lote la Hope limekuwa bahari nyeupe, na vilima vimebaki visiwa. Bomba refu la kiwanda cha saruji cha Hope, ambalo siku nyingine watu hulilalamikia kwamba linaharibu mandhari, linachomoza peke yake kama mlingoti wa jahazi.

Nimeiona mara mbili tu. Mara ya kwanza nilikumbuka asubuhi za kipupwe pale Irente, kwetu Lushoto, mawingu yakiwa yamelala chini juu ya nyika ya Mazinde, na sitasema zaidi ya hapo.

Hatua ya tatu: nguo

Hapa ndipo pesa hupotea bure, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kanuni ni nguo nyepesi nyingi, siyo koti moja zito. Ukipanda unatokwa na jasho, ukisimama jasho linapoa na kukugeuka. Lazima uweze kuvua na kuvaa haraka.

Kwenye ngozi vaa fulana ya michezo ya nailoni au ya sufu, ya mikono mirefu. Pamba hapana. Pamba ikinywa maji haikauki, inakaa juu yako kama kitambaa cha kukandia homa. Jinzi ni pamba. Juu ya fulana weka sweta la sufu au la manyoya ya kutengenezwa. Juu kabisa, koti lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia yake. Begini weka sweta la pili la kuvaa mkiketi tu. Maduka ya mitumba ya misaada yaliyojaa kila mtaa wa Uingereza yana masweta ya sufu safi kwa bei ya kuchekesha, na mtu aliyezoea kuchambua mitumba Ilala au Gikomba atatoka na nguo nzuri kuliko aliyeingia duka la milimani. Pesa zako ziweke kwenye viatu.

Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu, viwe na soli zenye meno, na vizidi mguu kidogo ili soksi nene iingie bila kubana. Mguu uliobanwa hupata baridi. Kama kumetabiriwa barafu, nunua nyororo ndogo za chuma zenye meno zinazovalishwa juu ya kiatu kwa mpira. Zinakaa kwenye mfuko wa koti, na sehemu moja ya njia hii, nitakayoitaja, zinageuza siku.

Kofia ya sufu, glavu jozi mbili (ya kwanza italowa), skafu. Dada zangu wanaovaa hijabu, ile ya kuvuta kichwani, isiyo na pini, ndiyo inayokaa vizuri ndani ya kofia ya koti. Mtandio mrefu upepo wa Mam Tor utaufanya bendera. Na baibui refu linakokota tope mpaka linakuwa zito kama ndoo. Suruali pana ya kuzuia maji na kanzu fupi ya magotini inatosha kabisa.

Hatua ya nne: begi

Chupa ya chai ya tangawizi, ile ya kutunza moto, lita moja kwa watu wawili. Maji nusu lita kila mtu, maana baridi inakufanya usahau kiu. Chakula cha kuliwa na glavu mkononi: maandazi, chapati zilizoviringwa, tende, karanga, kashata. Usitegemee mkahawa wowote njiani. Juu hakuna, na ya vijijini mingine hufunga au hufupisha saa wakati wa baridi.

Tochi ya kuvaa kichwani, kila mtu na yake, na betri za akiba. Hii si hiari, hata ukipanga kumaliza mchana. Filimbi. Pawabenki. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu betri ikipigwa baridi hushuka ghafla, na ramani iliyomo hufa nayo. Ndiyo sababu nabeba pia ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, namba OL1, ya kipimo cha 1:25,000. Mifuko miwili ya plastiki ya kukalia. Soksi za akiba. Na mwambie mtu aliyebaki nyumbani njia yako na saa utakayompigia.

Hatua ya tano: treni hadi Edale

Treni za kusimama kila kituo kati ya Manchester Piccadilly na Sheffield hupita Edale na Hope. Kutoka Manchester ni kama dakika 45, kutoka Sheffield nusu saa na kidogo. Nunua tiketi ya kwenda na kurudi ya kituo kilicho mbali kwako kati ya hivyo viwili: ukitoka Manchester kata ya Hope, ukitoka Sheffield kata ya Edale. Ukikata ya karibu utalazimika kuongeza nauli jioni. Piga picha ratiba ya kurudi, hasa Jumapili, treni zinapokuwa chache. Kabla ya kuondoka Edale, tumieni choo. Kinachofuata kiko mbali.

Hatua ya sita: kupanda Hollins Cross

Toka kituoni, teremka hadi barabara ya bondeni, kisha fuata vibao vya Hollins Cross upande wa kusini. Utavuka mto Noe, ambao ni kijito tu, na kuingia kwenye mashamba ya kondoo.

Mwanzoni niliona aibu kupita katikati ya shamba la mtu. Kwetu ungeulizwa wewe ni nani na unatafuta nini. Hapa mshale wa njano maana yake ni njia ya umma ya waenda kwa miguu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuifunga. Mshale wa buluu ni njia ya farasi na baiskeli pia. Haki ya kwenda huku na huko milimani haikuja hivi hivi. Geuka nyuma ukiwa unapanda: ule mlima mpana kaskazini, bapa kama meza, ni Kinder Scout, mita 636. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wafanyakazi waliupanda makusudi, wakati ulikuwa shamba la kuwindia la matajiri, na watano wao wakafungwa jela. Wengi wanahesabu siku ile kuwa mwanzo wa uhuru wa kutembea unaoutumia wewe sasa.

Adabu ya njia ni fupi: geti liache ulivyolikuta, likiwa wazi liwe wazi, likiwa limefungwa ulifunge, usipande ukuta wa mawe, kwa maana zile kuta hazina saruji, jiwe linakaa kwa jiwe, na ukivuta moja unaangusha familia nzima, kondoo waache walipo. Na salimia. Mtu ambaye mjini angepita kando yako kwenye basi miaka kumi bila kukuangalia, hapa atakusalimia na kukueleza kuwa mbele kuna utelezi.

Kupanda huchukua saa moja na ni kukali mwishoni. Nenda mwendo ambao unaweza kuongea. Ukihema usiweze kumaliza sentensi, umeshaanza kutoa jasho utakalolilipia juu. Hollins Cross ni bonyeo kwenye mgongo, mahali njia zinapokutana. Zamani, kabla Edale haijapata kanisa lake katika karne ya 17, wafu wa bondeni walibebwa mabegani kupitia hapa kwenda kuzikwa upande wa Castleton. Fikiria kulibeba jeneza kwenye mteremko uliokutoa jasho ukiwa na begi la maandazi.

Hatua ya saba: Mam Tor

Geuka kulia. Njia imetandikwa mabamba ya mawe karibu mgongo wote, ili miguu ya watu isiendelee kuula mlima. Siku kavu ni kama kutembea kibarazani. Siku ya sakitu, umande ukiwa umeganda, yale mabamba yana utando wa barafu usioonekana. Tembea pembeni kwenye nyasi zilizokakamaa, au vaa zile nyororo.

Kileleni kuna nguzo ya wapima ardhi, na foleni ya watu wanaosubiri kupiga nayo picha. Mimi hupita nikaenda mbele hatua chache. Upande wa kusini uko chini yako mji mdogo wa Castleton na ngome ya Peveril iliyojengwa na Wanormani juu ya jabali. Kulia zaidi ni Winnats, korongo la mawe ya chokaa ambalo barabara inapita katikati yake. Katika vilima hivi ndimo linamochimbwa Blue John, jiwe la rangi ya zambarau na njano. Kaskazini Kinder. Mashariki mgongo wote unaokusubiri, kama nyoka aliyelala, ukiishia Lose Hill.

Mahali uliposimama palikuwa mji. Ukiangalia vizuri utaona tuta na handaki vinavyozunguka kilele. Ni boma la watu wa kale, na wachimbuaji walikuta humo nyayo za nyumba za tangu Enzi ya Shaba. Mimi najiuliza kila mara walikuwa wanapata wapi kuni za kuvumilia Januari.

Jina Mam Tor kwa kawaida hufasiriwa Kilima Mama, na sababu wenyeji wanayoitoa iko miguuni mwako. Uso wa mashariki wa kilima umemeguka. Juu ni mawe ya mchanga, chini ni mawe laini ya tabaka tabaka yanayolegea yakinywa maji, na mlima umekuwa ukiporomoka kwa miaka elfu kadhaa, ukizaa vilima vidogo chini yake. Hadi leo unasogea, na baada ya baridi yenye mvua nyingi unasogea zaidi. Barabara kuu ya Sheffield ilipita chini yake tangu mwanzo wa karne ya 19. Waliitengeneza, ikavunjika, wakaitengeneza, mpaka mwaka 1979 wakakata tamaa na kuifunga kwa magari. Mabaki ya lami yaliyopinda kama mkeka uliokunjwa yanaonekana kutoka juu. Usisogelee ukingo wa upande huo kutafuta picha, hasa penye theluji, kwani theluji huning'inia ikatoka nje ya ardhi.

Kunywa chai hapa, lakini vaa lile sweta la pili kabla hujahisi baridi. Ukisubiri mpaka utetemeke umeshachelewa. Nusu saa ikiisha, ondokeni, hata kama kuna anayelalamika.

Hatua ya nane: uamuzi pale Hollins Cross

Mkirudi Hollins Cross, toa karatasi yako uangalie saa. Hii ndiyo dakika muhimu kuliko zote. Kama ni kabla ya saa saba na robo, na kila mtu ana nguvu, endeleeni mashariki. Kama imepita, au kuna mtu anayechechemea, au ukungu umeshuka, msibishane: teremkeni kusini hadi Castleton, kilomita mbili hivi. Kutoka pale kuna njia tambarare kando ya kijito cha Peakshole hadi kijiji cha Hope, chini ya saa moja. Nimeshateremka huko mara nyingi na sijawahi kuona hasara. Wakati wa Krismasi Castleton huwaka taa za miti dirisha hadi dirisha, na kuna chokoleti ya moto.

Anayeamua ni mtu mmoja, mliyemchagua treni ikiwa bado inakwenda, siyo kura ya watu waliochoka. Na mwendo ni wa aliye nyuma kabisa. Binamu yangu aliyekuja kutoka Dar na kwenda mbele kwa majivuno alitusubiri mlimani dakika 20 akiganda, na kisa hicho wanamtania nacho hadi leo.

Hatua ya tisa: Back Tor na Lose Hill

Back Tor ndiyo ile sehemu niliyosema. Ni jabali fupi lenye ukingo uliokatika upande wa Edale na mti mmoja mkongwe uliopindishwa na upepo, unaopendwa sana na wapiga picha. Kupanda kwake ni kufupi lakini kukali, changarawe zinateleza, na wakati wa baridi maji yanayochuruzika njiani huganda. Pandeni mmoja mmoja, mkiachana nafasi, ili anayeteleza asimzoe wa chini yake. Tumia mikono bila haya. Kama kumeganda na hamna nyororo za viatuni, geukeni.

Ukishapita hapo, Lose Hill, mita 476, ni kupanda kwa upole. Ng'ambo ya bonde kuna mwenzake mwenye kichwa chenye ncha, Win Hill. Lose ni kushindwa, Win ni kushinda, na hadithi ya wenyeji inadai majeshi mawili yalipigana, moja likiwa juu ya kila kilima. Ushahidi haupo, lakini hadithi ni tamu. Kileleni kuna bamba la mviringo linalokuonyesha majina ya kila unachokiona. Saa nane mchana jua limeshalala pembeni, kila ukuta wa mawe bondeni una kivuli chake, nyasi zimekuwa rangi ya simba, na mgongo wote mliotoka mnauona nyuma yenu mpaka Mam Tor. Picha nzuri za siku nzima ziko hapa, siyo kule penye foleni.

Hatua ya kumi: kuteremka Hope

Watu huanguka wakiteremka, magoti yakiwa yamechoka na akili imeshafika kwenye treni. Fupisha hatua, piga magoti kidogo, weka mguu wote chini. Fuata vibao vya Hope kusini mashariki, kupitia mashamba. Matope ya karibu na mageti, wanakosimama ng'ombe na kondoo, ni ya kuzamisha kiatu, basi pita ukingoni.

Kosa la wageni wengi: wakifika kijijini Hope hudhani wamefika kituoni. Kituo kiko karibu kilomita moja mbele, mashariki, kando ya barabara kuu. Ihesabu hiyo dakika 15 kwenye muda wako, na kama mwanga umefifia, washa tochi magari yakuone.

Mambo yakiharibika

Mtu akianza kutetemeka bila kukoma, akawa anaburuza maneno, akajikwaa hovyo au akawa mkali bila sababu, mwili wake unapoteza joto. Akiacha kutetemeka huku bado amechanganyikiwa, hali imekuwa mbaya zaidi, siyo nzuri. Mwondoe kwenye upepo, mvue kilicholowa, mvike kikavu, mkalishe juu ya begi asiguse ardhi, mpe chai tamu kama anaweza kumeza. Usimsugue mikono na miguu, wala usimpe pombe.

Piga 999, omba polisi, kisha sema unahitaji waokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea na hawatozi chochote, kwa hiyo usiogope bili. Mawasiliano yakiwa hafifu, ujumbe mfupi unaweza kupita pale simu isipopita, lakini lazima uwe umejisajili: tuma neno "register" kwenda 999 ukiwa nyumbani, leo. Bila simu, piga filimbi au mulika tochi mara sita kwa dakika, pumzika dakika moja, rudia.

Nyumbani

Viatu vyenye matope visafishe kwa maji baridi na brashi usiku uleule. Usiviweke juu ya hita. Ngozi inakauka na kupasuka, na gundi ya soli inaachia. Toa nyayo za ndani, vijaze magazeti, viache chumbani penye hewa, na ubadilishe magazeti asubuhi. Jumatano vitakuwa vimekauka.